Siku moja maishani mwangu: kamba wa Kiunga na kura ya New York

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Lamu, na ni katibu wa kikundi cha wavuvi cha ufuo wetu. Kamba wengi ninaouza, yaani kamba-koche, wanatoka Kiwayu na Kiunga, kule juu karibu na mpaka wa Somalia. Ndiyo maana kila mwaka ikifika Desemba ninafuatilia mambo mawili kwa karibu, kupwa na kujaa kwa maji hapa Mkanda, mlango mwembamba wa bahari zinapopita boti zetu, na kura za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kule New York kuhusu usalama wa Somalia.

Leo ni Alhamisi ya kwanza ya Desemba 2025. Mwezi umepevuka, ni bamvua, maji yamejaa usiku na boti zimepita Mkanda bila kugusa chini. Zikichelewa mpaka maji yatoke, zinakaa kwenye tope la mikoko hadi alasiri, na kamba hawasubiri. Nahodha wa kwanza ameshafunga boti gatini nilipotoka kuswali.

"Salama, nahodha?"

"Salama, dada. Tumesimamishwa na askari mara mbili, lakini salama."

Kusimamishwa ndiko huko tulikozoea: karatasi ya majina ya mabaharia, vitambulisho, mapipa ya petroli yakaguliwe moja moja. Hanung'uniki. Anajua kwa nini, nami najua.

Tunafungua magunia. Yamelowa maji ya bahari, na ndani kamba wamelala mgongo kwa tumbo, masharubu yameingiliana. Namshika mmoja kifuani namnyanyua: akipiga mkia kwa nguvu, huyo mzima, anakwenda kwenye tenga la kwanza. Akilegea, bei nyingine. Nampindua kila jike nitazame tumboni. Mwenye mayai simnunui, na mabaharia wangu wanajua hivyo tangu kule anakokamatwa. Mizani inaning'inia kwenye boriti, kijana anasoma, mimi naandika, nahodha anatazama kidole changu kisiteleze.

Saa mbili asubuhi

Barafu, masanduku, boti ya kwenda Mokowe, simu kwa mnunuzi wa Mombasa. Punda wa mzigo amepita, mahamri na mbaazi nimekula nimesimama.

Saa tatu na nusu

Nahodha amebaki. Anataka tuzungumze habari ya Januari.

Kaskazi ndiyo imeanza, na msimu mzuri wa kamba kule juu ni huu, mpaka Machi. Ili boti iende Kiunga, mimi ndiye ninayetanguliza petroli, barafu na unga wa mabaharia, kisha tunakatana kwenye mzigo. Anataka nimtangulizie safari zote za Januari kwa mkupuo, akajaze mapipa kabla bei haijapanda. Kwa mwaka wa kawaida ningemwambia ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Namjibu tusubiri kidogo. Kibali cha kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, kile kinachoitwa AUSSOM, kinamalizika Desemba 31. Vikwazo dhidi ya al-Shabaab vinafika mwisho wa muda wake Desemba 13. Vyote viwili vinangoja watu 15 waliokaa kwenye meza moja New York.

Ananitazama, kisha anasema, "Dada, si wataongeza muda tu? Kila mwaka wanaongeza."

Ni kweli, kila mwaka wameongeza. Ila kibali ni karatasi, na anayekaa lindoni usiku Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana nasi, anataka mshahara, mafuta na risasi. Hapo ndipo pananitia wasiwasi, na nimemweleza hivyo hivyo.

Watu wa umri wetu hatuhitaji kufundishwa mpaka ukilegea kunatokea nini. Septemba 2011 mtalii Mwingereza alitekwa Kiwayu na mumewe akauawa. Wiki chache baadaye mwanamke Mfaransa akachukuliwa Manda, hapo ng'ambo tu, ukisimama gatini unapaona. Mwezi huo wa Oktoba majeshi ya Kenya yakavuka mpaka. Hoteli zikafungwa, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Mwenye jarife na taa, ambaye riziki yake ni ya usiku, alikaa barazani akitazama bahari. Juni 2014 likaja la Mpeketoni, zaidi ya watu 60 wakauawa, na Lamu yote ikaingia kwenye kafyu. Januari 2020 ikashambuliwa kambi ya jeshi ya Manda Bay, wakafa Wamarekani watatu. Hata mwaka jana tu, Desemba 2024, jeshi la serikali ya Somalia lilipopigana na lile la Jubaland pale Ras Kamboni, mamia ya askari wa serikali walikimbilia kwetu kupitia Ishakani. Boti zangu wiki hiyo hazikuvuka Kiwayu.

Tumeafikiana nimtangulizie safari ya kwanza. Nyingine tutazisema baada ya kura.

Saa tano

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza na feni. Wanachama waliniomba niandike waraka mfupi wa kumpelekea mbunge wetu na wizara inayohusika na mambo ya nje, ili sauti ya wavuvi wa mpakani isikike kabla ya kura. Nimewapa vijana wawili wa kikundi maelezo haya kwanza, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa gatini.

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, wanalipwa kutoka kwenye mfuko ambao kila nchi mwanachama inachangia kwa kiwango ilichopangiwa. Kikosi cha Somalia si hicho. Ni cha Umoja wa Afrika. Baraza la Usalama linakipa idhini tu. Kilianza mwaka 2007 kikiitwa AMISOM, mwaka 2022 kikawa ATMIS, na Januari 2025 kikawa AUSSOM, chenye idhini ya askari na polisi 11,826 kutoka Uganda, Ethiopia, Kenya, Djibouti na Misri. Jina limebadilika mara mbili, lakini swali la nani analipa liko palepale. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ndio uliobeba sehemu kubwa ya posho za askari, na wafadhili wamechoka.

Desemba 2023 Baraza lilipitisha azimio namba 2719. Linasema shughuli ya amani inayoongozwa na Umoja wa Afrika inaweza kulipiwa hadi asilimia 75 kutoka kwenye michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Afrika ilipigania jambo hilo miaka na miaka. Somalia ndiyo iliyotarajiwa kuwa ya kwanza kufaidika. Lakini azimio la AUSSOM lilipopigiwa kura Desemba 27, 2024, nchi 14 zilikubali na Marekani ikajizuia kupiga kura, kwa kuwa haitaki utaratibu huo utumike Somalia. Mpaka leo haujatumika, na posho za askari zimecheleweshwa miezi mingi.

Na kwingineko hali si nyepesi. Oktoba mwaka huu Umoja wa Mataifa wenyewe ulitangaza kwamba utapunguza karibu robo ya walinda amani wake duniani, kwa sababu fedha hazitoshi. Kikosi cha kusini mwa Lebanon kimeshapangiwa kufunga shughuli mwisho wa 2026. Nami nasema wazi: askari wa Kiafrika anayekaa kwenye handaki kwa niaba ya dunia nzima hapaswi kuwa mtu wa kuchangiwa. Amani ya bahari hii inawafaa wenye meli za mizigo zinazopita mbali huko kwenye kina kirefu kama inavyomfaa nahodha wangu.

Saa saba

Adhuhuri, wali na samaki wa kupaka nyumbani, usingizi wa nusu saa. Jua la Desemba halina mzaha.

Saa kumi alasiri

Baada ya swala, wazee wa barazani wameniita karibu na Mkunguni niwasomee rasimu. Kahawa imepita, halua imepita. Nimefika kwenye sehemu ya vikwazo, na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akanikatiza.

"Mwanangu, vikwazo si ndivyo vinavyoua maskini? Iraq tuliyaona."

Swali hilo lilinifanya niweke karatasi chini, kwa sababu ana haki. Iraq ya miaka ya tisini ilifungiwa biashara karibu yote, na walioumia ni watoto na wagonjwa. Nimemjibu kwamba vya Somalia vimepitia njia yake. Mwaka 1992 Baraza lilizuia silaha kuingia nchi nzima, kwa azimio namba 733. Lilikuwa na maana wakati ule wa vita vya koo. Lakini baadaye Somalia ikapata serikali, ikawa inaomba ruhusa ya kununua bunduki za kupigana na kundi ambalo silaha zake halikuziombea ruhusa kwa mtu. Desemba 1, 2023, baada ya miaka zaidi ya 30, zuio hilo liliondolewa kwa serikali, na vikwazo vikabaki kwa al-Shabaab.

Hivyo ndivyo ninavyoviona vikwazo vya haki: vinamlenga mtu, akaunti, mzigo. Chukueni makaa. Mwaka 2012 Baraza lilipiga marufuku makaa ya Somalia kusafirishwa nje, kwa sababu ushuru wake uliingia mifukoni mwa al-Shabaab, na migunga ya Jubaland ilikuwa ikikatwa na kupakiwa majahazini kwenda nchi za Ghuba. Mvuvi wa Kiunga hakupoteza kitu kwa marufuku hiyo.

Mzee hakuridhika moja kwa moja. "Na hao wa misaada?"

Hapo pia alinipata mahali penyewe. Mwaka 2019 Kenya yetu iliomba al-Shabaab waingizwe kwenye orodha moja na al-Qaeda na Daesh, ambayo masharti yake ni makali zaidi. Nchi kadhaa zilipinga, zikiwemo Marekani na Uingereza. Hoja kubwa ilikuwa kwamba mashirika yanayopeleka chakula kwenye maeneo yaliyoshikwa na kundi hilo yangeogopa kushtakiwa. Wakati ule niliiunga mkono serikali yetu kwa moyo wote. Ukame wa 2022 ulipofika, nikawasikia akina mama waliovuka kutoka kule wanavyosimulia, niliona kwamba waliopinga walikuwa na neno. Nimeiandika hivyo kwenye waraka: vikwazo viendelee, na mlango wa chakula na dawa usifungwe.

Mzee akatikisa kichwa cha kukubali, akaomba kahawa nyingine.

Saa kumi na mbili jioni

New York sasa ni saa nne asubuhi, wakati ambao Baraza kwa kawaida huanza vikao. Mpwa wangu wa kidato cha tatu anafungua matangazo ya moja kwa moja kwenye simu baada ya magharibi, bando likiruhusu. Leo si siku ya kura yetu, lakini anapenda kuwatazama wanavyokaa kwenye meza ile ya nusu duara.

"Shangazi, kura ngapi zinatosha?"

Tisa kati ya 15, ilimradi asiwepo hata mmoja wa wale watano wa kudumu aliyepinga: Marekani, Urusi, Uchina, Uingereza na Ufaransa. Kujizuia si kupinga. Ndiyo maana AUSSOM ilipita mwaka jana.

Anachopenda zaidi ni kiti cha Somalia. Tangu Januari 2025 Somalia ni mwanachama, mpaka mwisho wa 2026, na urais wa Baraza huzunguka kila mwezi kwa alfabeti ya Kiingereza. Desemba hii ni Slovenia. Januari ni Somalia yenyewe. Nchi ambayo kwa miaka zaidi ya 30 ilikuwa inajadiliwa, ndiyo itakayoendesha vikao. Sisi Wakenya tulikaa hapo 2021 na 2022, na wengi bado wanaikumbuka hotuba ya balozi wetu, Martin Kimani, usiku ule wa Februari 2022 kuhusu Ukraine na mipaka tuliyorithi kwa wakoloni. Nilimwambia mpwa wangu kwamba maneno yale yaliusikilizisha ulimwengu kwa sababu yalitoka kwa watu wanaoishi na mipaka hiyo. Waswahili wa Kiunga wana ndugu Ras Kamboni. Mpaka umepita katikati ya koo.

Saa tatu usiku

Nimempigia mwenye duka mmoja Kiunga, mwanamke mwenzangu, anayenikusanyia kamba huko. Barabara ya Kiunga ina historia ya mabomu ya kutegwa, kwa hiyo unga, mchele na mafuta yake vyote vinakuja kwa bahari, kwenye boti ileile inayoleta kamba wangu. Nilimuuliza angependa kiandikwe nini kwa jina lake.

"Andika waache kutupa mwaka mmoja mmoja," akasema. "Mimi nakopesha watu mpaka mavuno. Nitakopeshaje kama kila Desemba sijui Januari nani atakuwa anatulinda?"

Nimeiweka iwe ombi la kwanza, karibu kwa maneno yake: kikosi kipewe idhini na fedha za muda unaojulikana, zaidi ya mwaka, na kisiondoke mahali mpaka jeshi la Somalia liweze kupashika. La pili ni la vikwazo, kama nilivyowasomea wazee. La tatu ni kwamba serikali yetu, inapozungumza habari za mpaka huu huko Addis Ababa na New York, iwe imeketi kwanza na wavuvi wa Kiunga, Kiwayu na Kizingitini ikawasikiliza.

Mwenyekiti ameusoma kwenye simu, amebadilisha neno moja. Saini zinaanza kesho baada ya swala ya Ijumaa, na boti ya alasiri itachukua nakala ya Kizingitini.