Mmebaki wenyewe duniani? Anzeni na maji

Watu wote wakitoweka ghafla, mkabaki kikundi cha vijana tu, wengi wangekimbilia madukani kubeba chakula. Mimi nasema maji kwanza. Umeme ukikatika pampu husimama, na bomba hutoa tu kilichobaki kwenye matangi. Siku hiyohiyo jazeni kila ndoo, sufuria na beseni. Kila mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia.

Maji ya mtoni yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni mpaka yatokote dakika 1 nzima. Kuni hamna? Tieni matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato (asilimia 5 hadi 6) kwa kila lita, korogeni, subirini dakika 30. Msiposikia harufu hafifu ya klorini, rudieni.

Friji msiifungue ovyo: ikifungwa hutunza baridi saa 4 hivi, friza iliyojaa saa 48. Vyakula vya makopo viliwe mwisho.

Na jamani, jiko la mkaa au jenereta lisiingie ndani hata mvua ikinyesha. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka humo, haina harufu. Mtalala wote, asiamke hata mmoja.