Magikarp wangu kawa Gyarados!

Jamani, leo jioni Coco Beach nimetimiza pipi 400.

Kwa wasiocheza Pokémon GO, ule mchezo wa simu wa kutembea ukinasa viumbe: Magikarp ni samaki mwekundu, mnyonge kweli, anajua kurukaruka tu. Ila ukimkusanyia pipi 400 za mchezoni anageuka Gyarados, joka la maji la buluu.

Nimezisaka tangu mwaka jana. Nyingine nimezipata kwa kutembea naye tu, kilomita 1 pipi 1.

Magikarp wa mwisho, wa kukamilisha pipi, kanasa nilipomrushia mpira wa tatu kwenye simu. Vidole vyangu vina chumvi na pilipili ya mihogo, simu inateleza. Nikabonyeza ageuke. Mdogo wangu kanishika bega, kimya.

Mara lile domo la Gyarados likaachama.

Mpaka sasa natetemeka.

Nani mwingine anacheza hapa Dar? Wewe unamlea nani?