Jinsi Nilivyochagua Hedifoni za Kumiksia Hapa Kisumu

Studio yangu ni chumba kimoja mtaani Migosi. Wanaokuja kurekodi ni kwaya za makanisa, vijana wa rapu, bendi za benga, na mara mojamoja mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kutoka Siaya. Kuta ni za mawe, paa ni la mabati, na chumba ni mraba, mita 3 kwa 3. Vipimo hivyo viliamua mengi kabla sijauliza bei ya hedifoni yoyote.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba cha mita 3, mlio wa hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, hugonga ukuta, hurudi, kisha hujijazia wenyewe kwenye kuta na kujifuta katikati. Sasa liangalie gitaa la besi: uzi wa E ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na uzi wa A hezi 55. Kwa hiyo mpiga besi akigusa A, mimi niliyeketi katikati ya chumba siipati vizuri, ilhali aliyeegemea ukuta anaisikia imefura kupita kiasi. Noti ni ile ile. Kubandika sponji ukutani hakusaidii, kwa sababu wimbi la mlio huo lina urefu wa zaidi ya mita 6, na sponji ya unene wa vidole viwili hailiwezi. Na benga isiyo na besi ya kuaminika si benga, maana besi ndiyo inayojibizana na gitaa la solo tangu wimbo unapoanza hadi vidole vinapochanganya kule mwisho. Isitoshe, kazi nyingi naifanya usiku, na nyuma ya ukuta wangu kuna familia yenye mtoto mchanga. Nikaamua pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya spika kubwa ziende kwenye hedifoni.

Hedifoni ya kusikilizia muziki ndani ya matatu ina kazi yake na sina ugomvi nayo. Ya kumiksia, yaani kusawazisha sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja, inadaiwa kitu kingine: uamuzi ninaoufanya nikiwa nimeivaa usimame wimbo ukichezwa kwingine. Nikisema sauti ya mwimbaji imetosha, iwe imetosha pia kwenye redio ya jikoni kule Ahero, kwenye spika za harusi na kwenye simu ya mwanafunzi.

Nilianza kwa kuzunguka maduka ya Oginga Odinga Street. Kijana mmoja mchangamfu alinivalisha hedifoni ya Bluetooth akaniambia, "Omera, hii ndiyo ya studio sasa. Besi yake inatikisa." Besi ilitikisa kweli, na hapo ndipo nilipoirudisha. Hedifoni inayoongeza besi yenyewe itanifanya niipunguze kwenye wimbo, kisha wimbo utoke mwembamba. Bluetooth nayo huibana sauti ili iweze kupita hewani, na huichelewesha kidogo. Kwa anayesikiliza tu ucheleweshaji huo si kitu, lakini mwimbaji anayejisikia nyuma ya mdundo hawezi kurekodi. Na yule kijana sikumlaumu hata kidogo. Nilimweleza ninachofanya, naye akasema wazi kwamba ya namna hiyo hana.

Maandishi ya kwenye boksi sikuyapa uzito. Utaona hedifoni inajisifu inafika hezi 40,000, na sikio la binadamu huishia kama 20,000, tena likiwa changa. La maana ni jinsi inavyotenda kati ya hapo, ni milio gani inaipandisha na ipi inaizamisha, na hilo boksi halisemi. Michoro ya vipimo inayochapishwa na wapimaji ilinisaidia zaidi, hasa nilipoilinganisha na utafiti wa Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, ambao miaka ya 2010 waliwauliza wasikilizaji wengi ni mlingano gani wa sauti wanaoupendelea kwenye hedifoni. Michoro ilinipunguzia orodha. Kuchagua kulibaki kwa masikio.

Na hapa ndipo pana jambo ninalotaka kulikazia kuliko yote. Washauri wengi husema upime hedifoni kwa nyimbo maarufu unazozipenda. Shida ni kwamba wimbo huo hujawahi kuusikia nje ya spika. Hujui sauti ya yule mwimbaji ilikuwaje alipokuwa amesimama mbele ya maikrofoni. Mimi nilichukua rekodi zangu mwenyewe, za watu niliokaa nao chumba kimoja, nikawasikia kwa masikio matupu kabla mashine haijawagusa.

Ya kwanza ilikuwa ya nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini mpigaji ana vyombo vitatu kwa pamoja: anazichezesha nyuzi, anagonga ubao kwa oduong'o, ile pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, na gara, yaani njuga, zinalia mguuni. Gara ni kipimo kikali cha trebo, ile milio ya juu. Najua zilivyolia chumbani: kavu, zenye chembechembe, nyuma kidogo ya nyuzi. Rekodi ya pili ilikuwa ya kwaya ya Waadventista wanaoimba bila ala yoyote. Hapo nilitafuta sauti ya pili na ya tatu, kama naweza kuwatenganisha wanawake wawili waliosimama bega kwa bega. Ya tatu ilikuwa benga, na swali lake lilikuwa moja tu: je, kila noti ya besi ina uzito ule ule, au kuna zinazoruka na zinazozama?

Hedifoni za kujaribia niliziazima, moja kwa rafiki mwenye studio Kondele, nyingine kwa fundi wa sauti wa kanisa, nyingine kwa wenzangu wengine. Nilihakikisha zinacheza kwa ukubwa mmoja wa sauti, kwa sababu sikio hulaghaiwa kirahisi: inayocheza juu kidogo tu huonekana bora. Rafiki yangu alikuwa akinisawazishia kwa kutumia kipande kile kile cha kwaya, kisha mimi nasikiliza bila kugusa chochote.

Sony MDR-7506, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na bado ipo, ni ya aina iliyofungwa mgongoni, yaani upande wa nje wa kila sikio umezibwa. Inachimbua makosa: mate ya mwimbaji, kiti kilicholia, waya unaokwaruza. Ila trebo yake iko mbele, na baada ya saa nzima nilitamani kuivua. Beyerdynamic DT 990 Pro iko wazi mgongoni na inakaa vizuri mno kichwani, lakini gara za nyatiti ziliruka zikawa mbele ya nyuzi, jambo ambalo halikutokea chumbani. Nikimiksi nayo ningezizima gara kabisa. AKG K240, iliyo nusu wazi, ilinifurahisha kwa kwaya, ikalegea kwenye besi.

Sennheiser HD 600 ndiyo iliyonisimamisha. Wale wanawake wawili niliwasikia kila mmoja na pumzi yake. Gara zilirudi nyuma ya nyuzi. Besi ya benga ilikuwa na noti zilizolingana, ingawa uzito wa chini kabisa ulikuwa umepungua, na hilo nitalirudia. Ni hedifoni ya mwaka 1997, wazi mgongoni, na karibu kila kipande chake hutoka na kubadilishwa: waya, sponji, hata spika ndogo zilizo ndani. Kwa mtu anayeishi mbali na mafundi wa vifaa hivi, hilo lina thamani ya pesa.

Kuwa wazi mgongoni kuna faida na gharama yake. Hewa inapita, sikio halitoki jasho, na kwa joto la Kisumu la saa nane mchana hilo si anasa. Sauti pia haijihisi imefungiwa kichwani. Lakini sauti inatoka nje na kelele zinaingia ndani. Mvua ikipiga mabati kazi inasimama. Na huwezi kumvalisha mwimbaji: kliki ya metronomu, ule mlio wa kuhesabia mdundo, itavuja iingie kwenye maikrofoni. Kwa hiyo waimbaji wangu huvaa iliyofungwa, nami huhakikisha imekaa sawa, kwa sababu mikono ya miwani au rasta nene zikiinua sponji hata kidogo, besi hukimbia na mwimbaji hulalamika kwamba mdundo hausikiki.

Kulikuwa na suala la omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. HD 600 ina omu 300, DT 990 niliyoijaribu ilikuwa ya 250. Kwa maneno mepesi, hedifoni ya omu nyingi hudai volti nyingi ili ifikie sauti ile ile, na tundu la laptopu au simu aghalabu halizitoi. Kwenye laptopu yangu ilisikika mbali na dhaifu. Kwenye saundikadi ninayorekodia, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na laptopu, ilifika kiwango ninachosikilizia na bado swichi ya sauti ilikuwa na nafasi ya kupanda. Ndiyo maana nilipoenda Nairobi kukutana na muuzaji wa HD 600 iliyotumika, kwa kuwa mpya ilikuwa nje ya uwezo wangu, nilibeba laptopu na saundikadi begini. Nilicheza sauti ya mtu mmoja katika mono, yaani masikio yote mawili yakipata sauti ile ile, nikaona imekaa katikati kabisa ya kichwa. Ingeegemea upande, spika moja ingekuwa imechoka. Nikacheza mlio mzito unaopanda polepole kutoka hezi 20, nikisikiliza kama kuna kinachotetemeka ndani. Nikautikisa waya kwenye pini na kwenye kila sikio. Nikamlipa muuzaji, tukashikana mikono.

Kununua kulikuwa nusu ya kazi. Hedifoni ina tabia ambazo hata iwe nzuri vipi haziondoki. Kwenye spika, gitaa lililo kushoto hufika sikio la kushoto, kisha chini ya elfu moja ya sekunde baadaye hufika na la kulia. Kwenye hedifoni la kulia halipati kitu. Gitaa la solo huku na la rithimu kule husikika yametengana kupita ukweli, na kishawishi ni kuyavuta yote katikati. Nimejizoeza kuyaacha wazi kidogo kuliko ninavyopenda, kisha nabonyeza mono na kusikiliza kama kuna kilichopotea. Nyatiti iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili inaweza kupoteza nusu ya mwili wake kwenye mono, na kwenye hedifoni usingejua kamwe. Simu nyingi na redio nyingi za huku ni spika moja, kwa hiyo mono kwangu ni lazima.

Mzee mmoja mpiga besi, aliyeanza kupiga benga kabla sijazaliwa, aliketi nami wakati wa kumalizia wimbo wake. Nilimvalisha hedifoni, akafumba macho, akaniambia: "Kijana wangu, besi iko. Lakini haiongei." Nilimwelewa. Uzito ulikuwepo, kilichokosekana ni mguso wa kidole kwenye uzi, ule unaoishi juu zaidi, kati ya hezi 700 na 1,000 hivi. Nikapandisha hapo kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, na cha kupendeza zaidi, sasa besi ilisikika hata kwenye simu, ambayo haina uwezo wa kutoa hezi 41 hata kidogo. Ubongo ukisikia milio ya juu ya noti hujijazia wenyewe mzizi wake.

Kiwango cha sauti nimekiwekea alama kwa kipande cha gundi ya karatasi kwenye saundikadi, na sivuki hapo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio huipokea besi kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo ukipandisha na kushusha ovyo, uamuzi wa besi unayumba nawe. Pia ni kuyalinda masikio. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa salama, lakini desibeli 90 zikiwa ni saa 4 tu kwa wiki, na produsa anaweza kuzimaliza saa 4 katika usiku mmoja.

Ule upungufu wa chini niliousema bado upo. Kwa benga na kwaya haunisumbui. Vijana wa rapu wakileta mdundo wenye besi ya kompyuta inayoshuka chini ya hezi 50, namiksi kwa HD 600 hadi sauti za katikati zitulie, kisha navaa iliyofungwa kwa ajili ya ule mkia wa chini peke yake, na sigusi kingine chochote nikiwa nayo. Kwa kazi hizo pia naomba nusu saa kwenye spika za rafiki yangu wa Kondele kabla sijakabidhi faili.

Sponji za HD 600 nazo zimeanza kulala. Zikibonyea, sikio husogea karibu na spika, na mlingano wote hubadilika polepole bila mtu kugundua. Nimeagiza jozi mpya. Zikifika nitazipitisha kwenye nyatiti, kwaya na benga kabla ya kurudi kwenye kazi ya mteja yeyote.