Binti yangu ana selimundu, na singeli anacheza

Kila aliyesikia kwamba binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wanaouita pia sikoseli, alikuja na shauri lake. Mama mkubwa wa Tanga: mnyweshe juisi ya rozela asubuhi na jioni, damu itajaa. Jirani: mpe vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma. (Hivi msimpe mtoto wa selimundu kabla daktari hajampima. Wale wanaoongezewa damu mara kwa mara, chuma huwajaa mwilini mpaka kikawaharibu ini na moyo.) Wifi yangu yeye hakuleta shauri, alileta hukumu: ukoo wao hauna ugonjwa huo, basi umetoka kwetu. Tukaenda naye kliniki. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba mtoto haugui selimundu mpaka arithi kwa baba na kwa mama, na kwamba wazazi hao wenyewe wanaweza kuwa wazima wa afya, hawajui kitu. Wifi hakusema neno mpaka Mbagala. Siku ile nilikula wali nikashiba.

Ila lililonichefua kuliko yote ni "mkataze kucheza". Mtoto kazaliwa uswahilini, redio ya kushoto inapiga singeli, huo muziki wetu wa kasi, ya kulia inapiga singeli, halafu wewe umkataze! Baba yake alijaribu. Alimnunulia daftari na rangi, achore atulie. Akachora watu wanaocheza, ukurasa hadi ukurasa. Spika ikafichwa juu ya kabati. Tukaja kumkuta bafuni, peku, kwenye sakafu yenye maji, kipupwe hicho cha mwezi wa saba, anazungusha kiuno kwa mdundo wa jenereta ya saluni ya jirani. Katazo lenyewe ndilo lililompeleka kwenye baridi. Usiku ule miguu ilimuuma mpaka alfajiri, na baba mtu akaishusha spika mwenyewe bila kuambiwa.

Daktari alisema acheze, lakini maji yasimwishie mwilini, asipigwe na baridi, na apumzike kabla hajachoka. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Chembe nyekundu za damu za mtu mwenye afya huishi siku kama 120, zake hazifiki mbali ya siku 10 au 20, kwa hiyo damu ni pungufu muda wote na pumzi inakata mapema. Mwili ukikauka au ukipoa ghafla, chembe zinajikunja na kukwama kwenye mishipa myembamba kama daladala zinazogombea kona moja Kariakoo, na kule mbele hewa haifiki. Hapo ndipo mifupa inapoanza kulia. Sasa nenda kamwambie mtoto apumzike katikati ya singeli!

Adui yetu mkubwa alikuwa fulana. Akicheza analowa chapachapa, jioni upepo unampiga na ile mbichi mwilini, usiku hakuna kulala. Kumwambia abadili mbele ya wenzake hataki. "Mama, unanitia aibu." Akitolewa pembeni apewe maji peke yake, ndiyo kabisa, watoto wanaanza kumwita mgonjwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nikawaita wote wa kikundi chao nikawapima, nikawaambia nawashonea sare bure. Mabaki ya vitenge na satini ninayo gunia zima, gharama ni uzi na lastiki, elfu chache tu. Nikashona seti mbili: ya kwanza ya njano, ya pili nyekundu yenye pindo za kumeremeta. Nikawawekea sharti: mkicheza nyimbo mbili mnatoka, mnabadili, mnarudi na rangi nyingine. Wakaruka kwa furaha, wakaona fundi kawaletea staili mpya. Kumbe nyuma ya pazia kuna taulo kavu, kuna ndoo ya maji yenye koki, na kuna mimi. Asiyemaliza kikombe chake hapewi nguo nyekundu. Wote wanakunywa, wote wanakaa kwenye mkeka mpaka pumzi zirudi, wote wanajifuta, na binti yangu yumo humo humo, hakuna anayemtazama.

Mara ya kwanza ilikuwa harusi ya mtaani. Walipotokea na nyekundu, MC alipayuka, "Wamebadilikaaa!" na akina mama wakaanza kutunza noti. Siku hizi vijana wakubwa wa mtaa wa pili nao wanabadili nguo katikati ya shoo. Nikiwaona nacheka peke yangu, wameiga dawa ya mwanangu na hawana habari.

Shuleni ndiko kulikonisumbua zaidi. Selimundu inachosha figo, hazibani mkojo vizuri, kwa hiyo mtoto anakunywa sana na anakojoa sana, na usiku kitanda kulowa si utundu. Mwalimu mmoja alimfungia ruhusa ya kutoka darasani, akidhani anatoroka. Mtoto akaacha kunywa maji ili asiaibike, na mimi nikashangaa maumivu yanatoka wapi ilhali wiki ile hakucheza hata kidogo. Nilikwenda na barua ya kliniki, nikakaa ofisini mpaka ikasomwa kwa sauti. Mwenye mtoto kama wangu, barua hiyo iombe mapema.

Dawa ni foliki asidi kila siku, ya kusaidia mwili kutengeneza damu, na haidroksiyurea ya kupunguza vipindi vya maumivu, ambayo inataka kupimwa damu kila baada ya muda na inatafuna mfuko kidogo. Homa haina mjadala, hata iwe saa nane za usiku tunaondoka. Mwili wa moto kwa mtoto huyu si wa kungojea panadoli ifanye kazi. Na akisema leo miguu "inanong'ona" (neno lake hilo), hachezi. Anakaa na filimbi, anawasahihisha wenzake, tena kwa ukali.

Sasa kuna mama wa Chanika anawataka kwenye sherehe ya mwanawe, mwezi wa saba, saa tatu usiku, uwanjani. Nimemjibu saa kumi jioni au atafute watoto wengine. Kaniambia nina maringo. Jana kapiga tena, kashuka hadi saa kumi na mbili jioni. Bado tunavutana.