Nilivyoichora njaa ya Maji Maji kwa katuni

"Chora mapigano," ndivyo nilivyoshauriwa na karibu kila mtu. "Jaza bunduki na damu, vijana watanunua." Ushauri huo uliniudhi na bado unaniudhi. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipoupinga utawala wa Wajerumani, waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wajerumani walichoma vijiji, wakapora ghala na kuteketeza mazao ili watu wasalimu amri. Katuni isiyoonyesha hilo inadanganya, hata sare za askari zikiwa sahihi mpaka vifungo.

Ugumu ni kwamba mtu huanguka kwa risasi katika kisanduku kimoja, lakini anayekonda kwa miezi utamwonyeshaje? Nilianza na watoto waliotoka mbavu. Wakafanana na matangazo ya kuomba misaada, nikachana.

Ndipo nikapata mbinu ninayojivunia mpaka leo. Nilichora mafiga matatu, kihenge cha nafaka, mlango, na njia ya kwenda shambani. Mchoro huo nikaurudia pembe ile ile, kurasa kadhaa mfululizo, nikiunakili juu ya kioo chenye taa chini yake. Mwanzo bibi anapepeta, mama anatwanga, watoto wanafukuza kuku. Kisha kihenge ni majivu. Kisha chungu kina mizizi ya porini. Kuku hawapo. Bibi hayupo. Anabaki mtoto mmoja na mama. Mwishowe majani yamemeza njia, na nguruwe mwitu wanafukua penye mafiga. Kurasa zote hizo hazina neno hata moja, na nakusihi usiongeze. Msomaji atafunua nyuma mwenyewe kutafuta nani amepungua.

Familia hiyo ni ya kubuni, na nimeandika hivyo ukurasa wa kwanza. Watu wa historia sikuwatungia maneno. Kinjekitile Ngwale, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, nilimchora kwa nyuma, akiwa kijijini Ngarambe, kwa sababu sikupata picha yake. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na watafiti wa Dar es Salaam mwaka 1968 yalinisaidia sana. Kwa mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, sikuchora kamba. Nilichora visogo 67, kila kimoja na umbo lake, maana kila mmoja alikuwa na kwao.

Idadi ya vifo weka makadirio yote, ya 75,000 na ya 300,000. Usichague kubwa ili utishe.

Chapa nyeusi na nyeupe. Karatasi, wino na nakala za kwanza vilinila kama laki tatu hivi. Kabla ya kuchapa, wapelekee wazee. Mmoja wa Songea aliniuliza mbona nimeishia kwenye pori, wakati mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika pale pale kuomba msamaha. Alikuwa na haki. Ukurasa huo ndio ulio mezani kwangu sasa.