Kulizunguka ziwa kwa shilingi tatu

Basi la alfajiri la Mwanza kwenda Sirari hujaa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wa njia hii wakianza kuongea hawaongei siasa wala mpira. Wanaongea kiwango. Kabla hatujafika Lamadi nilikwisha kusikia bei ya shilingi ya Kenya mara nne, na kila mara ilikuwa tofauti.

Nilikuwa nakwenda Kisumu kwa dada yangu aliyeolewa huko, kisha Kampala kwa mwanangu anayesoma, halafu nirudi kwa Mutukula na Bukoba. Yaani nalizunguka Ziwa Victoria, nchi tatu, na kila nchi ina shilingi yake. Dola sikubeba. Fedha niliyohitaji ni ya chai, choo cha stendi, matatu na bodaboda, na kwa matumizi hayo dola ni usumbufu mtupu. Ukienda duka la kubadilishia fedha na noti ya dola 5 au 10 unapewa bei ya chini kuliko mwenye noti ya 50 au 100, na ikiwa noti yako ni ya miaka ya zamani au imechanika pembeni, wengi wanakurudishia bila hata kuigeuza upande wa pili.

Mwanza nilikuwa nimepita dirishani kuulizia. Tangu ile operesheni ya serikali ya mwaka 2018 kule Arusha na 2019 Dar es Salaam, maduka mengi ya kubadilishia fedha yalipofungwa, mtu wa laki moja anaonekana kama anawapotezea watu muda: lete kitambulisho, jaza fomu, subiri. Ubaoni waliandika wananunua ya Kenya kwa 18 na kuiuza kwa 20.5. Watu wengi hutazama namba moja tu hapo. Mimi hutazama namba mbili, na hasa pengo lililo kati yake. Ukinunua za Kenya kwa laki moja kwa bei ile, unapata kama 4,878. Ukibadili nia na kuzirudisha dirisha lile lile dakika hiyo hiyo, unaondoka na elfu 87 na mia nane. Elfu kumi na mbili imeliwa na hujavuka hata barabara. Anayebadili milioni kumi anaita meneja na kupunguziwa. Mwenye laki hana wa kumwita.

Nikafunga pochi yangu, nikaamua nitanunua mpakani.

Sirari ina kelele ya aina yake. Kabla basi halijasimama, vijana wamekwisha kushika dirisha, mkono mmoja una kikokotoo na mwingine bunda la noti lililofungwa kwa mpira. "Mama, Kenya? Mama, una Kenya?" Bei yao ilikuwa 19.2 kununua na 19.6 kuuza, pengo jembamba kabisa, na sababu yake ni rahisi: hawalipi pango, na fedha zote mbili zinawapitia mikononi siku nzima. Mkenya anavuka kununua mchele na maharage, Mtanzania anavuka upande wa pili na mahitaji yake. Lakini hawana leseni, na sheria inataka leseni. Ukidhulumiwa hapo huna pa kushtaki.

Na kudhulumiwa kupo. Mchezo wao mkubwa ni wa kuhesabu. Anakuhesabia vizuri mbele ya macho yako, unaridhika, kisha anasema "ngoja, nimekupunja mia moja," anachukua bunda, anaongeza mia yako na kulikunja. Linaporudi lina noti tatu pungufu katikati. Mwingine anatoa noti ya elfu moja ya Kenya yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta. Hiyo ilikufa rasmi tarehe 1 Oktoba 2019. Noti ndogo za toleo lile hazikufutwa, ila ya elfu ilikwenda na maji, na aliyebaki nazo ndani anamtafuta mgeni wa kumpa.

Mimi nilikwenda kwa mama wa chapati aliye nyuma ya stendi. Nilimwamkia, nikaagiza chai, na wakati wa kulipa nikamwuliza kama ana Kenya za kuniuzia. Alicheka. "Ninazo mpaka zinanikera, dada. Madereva wa upande ule wananilipa hizo tu, na mwenye duka la ngano hazitaki." Alikuwa na mia mia, hamsini hamsini, na sarafu za twiga, kifaru na simba zimejaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Tukaulizana bei, tukakubaliana 19.4, nikachukua elfu mbili na mia tano kwa 48,500. Yeye aliepuka 19.2 ya vijana, mimi niliepuka 19.6 yao. Na kikubwa zaidi kwangu, nilipata ndogo ndogo. Duka la fedha lingenipa noti mbili za elfu na moja ya mia tano, halafu ningehangaika nazo kwenye matatu ya kwanza.

Umuhimu wake niliuona nusu saa baadaye. Kwenye matatu ya kutoka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka huo, kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa hajabadili chochote alitoa msimbazi, ile elfu kumi nyekundu. Konda aliitazama, akaitia mfukoni, akasema hiyo ni mia nne. Mia nne! Yaani shilingi moja ya Kenya kwa 25 za kwetu. Kijana alipinga, konda akamwonyesha mlango. Abiria tulikaa kimya, maana kila mtu alijua hesabu na kila mtu alitaka kufika.

Kisumu fedha taslimu karibu nisiiguse. Dada yangu hulipa kila kitu kwa simu, na hata wauza omena, yaani dagaa, wa soko la Kibuye wana namba ya kulipia. Tangu 2015 M-Pesa ya Vodacom na ile ya Safaricom zinatumiana kuvuka mpaka, na kwa kiasi cha maana njia hiyo naipenda. Lakini kwa kiasi cha choo na muwa wa kutafuna, makato yake na kiwango chao vinakula kitu kizima.

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tulisubiri sana. Gari letu lilikuwa na mizigo ya watu, na forodha hawana haraka. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja Msamia, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi, na aliposikia Mwanza akacheka. "Mimi nilifika Mwanza kwa meli kabla ya 1966. Shilingi niliyotoka nayo hapa ndiyo niliyonunulia samaki kwenu." Alisema kweli. Fedha ilikuwa moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na zile senti tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, watu wakizitunga kwenye uzi. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake, zote tatu zikiwa na thamani sawa, moja kwa moja. Kisha kila moja ikashika njia yake. Ya Uganda ilianguka mpaka mwaka 1987 wakakata sifuri mbili, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na bado leo ya Kenya inapata 27 au 28 za kwao.

Nilimtania kwamba huenda tukairudisha ile moja, maana marais walitia saini itifaki ya umoja wa sarafu Kampala mwezi Novemba 2013, na shabaha ilikuwa 2024. "2024 imepita, binti yangu," akasema, akachukua fimbo yake, akaenda kuangalia gari lake.

Kampala ina maduka ya fedha mengi na ubao wao kwa dola ni mzuri, pengo dogo. Tatizo ni ukitazama mstari wa Tanzania. Shilingi ya kwetu moja wanainunua kwa 1.3 na kuiuza kwa 1.55. Hakuna chuki hapo. Pale haitembei, anayeipokea anakaa nayo kabatini mpaka apite Mtanzania mwingine, na gharama ya kukaa nayo unalipa wewe. Fedha hiyo hiyo Mutukula inakimbia siku nzima. Kwa hiyo mwanangu aliponirudishia chenji ya matumizi niliyomwachia, shilingi za Uganda, sikuibadili Kampala. Nikaenda nayo kusini, Masaka, Kyotera, mpaka mpakani.

Pale Mutukula, kwenye foleni ya mihuri, wanaotoka na wanaoingia walikuwa wanatazamana. Upande wa pili alisimama mwanafunzi wa kwetu, kijana wa Muleba, anaelekea chuo huko huko Uganda, na mkononi ana noti za Tanzania anazipepea kama mtu anayetafuta wa kumwokoa. Wabadilishaji wa nje walikuwa wanasema 1.35 kwa 1.45. Nikamwambia, mwanangu, tukutane katikati, moja nukta nne. Akapiga hesabu kwenye simu yake mara mbili, ni haki yake. Nikampa 63,000 za Uganda, akanipa 45,000, tukahesabiana polepole mbele ya askari ambaye alituangalia na kupiga miayo.

Nilibakiwa na sarafu za mia saba za Uganda. Sarafu hakuna duka linalozinunua popote, uwe na za nchi gani. Wanataka noti tu. Nikataka kumpa bure, nikamwambia atalipia choo.

"Hapana, mama," akasema, "mia saba kwa moja nukta nne ni jero kamili." Akapekua mfukoni, akanitolea sarafu ya mia tano yenye nyati, na nauli ya Bukoba ilipoitishwa ilikuwa ya kwanza kutoka.