Kibali cha kazi baada ya kuhitimu nje kinaanzia hapa Mbeya

Mzazi wa Mafinga anapouza shamba la miti ya mbao ili mtoto akasome shahada ya uzamili nje, hesabu yake haiishii kwenye ada. Anategemea mtoto akimaliza apate mwaka mmoja au miwili ya kufanya kazi kulekule, pesa irudi na uzoefu upatikane. Ni tegemeo la haki kabisa, na nchi kadhaa zina kibali kwa ajili hiyo. Shida ni kwamba wengi huanza kukiulizia wakati wa mahafali, na hapo mambo yanayokiamua yameshapita: aina ya kozi, mwezi wa kuanza, pasipoti uliyosafiri nayo, saa za kibarua ulizofanya kila wiki. Mengi kati ya hayo huamuliwa mtu akiwa bado Mbeya, Iringa au Njombe, mara nyingi na wakala wa vyuo ambaye kazi yake huisha ukishapanda ndege.

Nianze na Kanada, maana ndiko masharti yamebadilika sana. Kibali chao cha kazi baada ya masomo kinajulikana kama PGWP. Hakikufungi kwa mwajiri mmoja, wala huhitaji kuwa na ajira mkononi ndipo uombe, lakini mtu hukipata mara moja tu maishani. Kozi iliyo chini ya miezi 8 haikupi kitu. Kozi ya miezi 8 hadi chini ya miaka 2 hukupa kibali chenye urefu sawa na kozi yenyewe. Kozi ya miaka 2 au zaidi hukupa miaka 3. Tangu 15 Februari 2024, shahada ya uzamili hukupa miaka 3 hata kama ni ya mwaka mmoja, mradi isipungue miezi 8.

Hapo ndipo uchaguzi wa kozi unapokuwa na uzito. Wakala atakuonyesha stashahada ya mwaka mmoja kwenye koleji, udahili rahisi, ada nafuu. Lakini kwa waliotuma maombi ya kibali cha kusoma kuanzia 1 Novemba 2024, mtu asiyesomea shahada hupata PGWP tu kama kozi yake imo kwenye orodha ya fani ambazo Kanada inahitaji watu: kilimo na vyakula, afya, sayansi na teknolojia, ufundi, usafirishaji, na baadaye elimu. Kozi nyingi za biashara na hoteli hazimo. Shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu haziguswi na orodha hiyo. Kwa hiyo mtu aliyehitimu chuo kikuu cha hapa kwetu, kama MUST ya Mbeya au Mkwawa ya Iringa, na tayari ana shahada ya kwanza, akishawishiwa kwenda kuchukua stashahada ya biashara koleji, anaweza kumaliza salama, akafaulu vizuri, na bado akakosa kibali. Kabla ya kulipa hata senti, tafuta jina la chuo na la kozi kwenye tovuti ya Uhamiaji ya Kanada yenyewe. Kuna vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni ambavyo wahitimu wake hawapati PGWP.

Kisha kuna mtihani wa lugha, na huu unawashtua wengi. Mwenye shahada anatakiwa afikie daraja la 7 la kipimo cha Kanada, ambalo kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, ni alama 6.0 katika kila kipengele: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. IELTS inayokubalika ni ya General Training. Ile ya Academic, uliyosafiri usiku kucha kwenda kuifanya Dar ili upate udahili, haikubaliki hapa hata kama ulipata 8. Matokeo yasizidi miaka 2 siku unapotuma maombi. Panga kuufanya muhula wa mwisho, ukiwa huko, si baada ya kumaliza.

Sasa siku. Una siku 180 za kuomba, na zinaanza siku chuo kinapotoa kwa mara ya kwanza uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza, iwe barua au transkripti. Hazianzi siku ya mahafali. Chukua barua iliyotoka tarehe 5 Mei: siku ya 180 ni 1 Novemba. Mahafali yakiwa 14 Juni na ukahesabu kutoka hapo, utajiona una muda hadi 11 Desemba, kumbe dirisha limefungwa zaidi ya mwezi mzima. Na kuna saa ya pili inayokwenda kimyakimya ndani ya hiyo ya kwanza: kibali cha kusoma hufa siku 90 baada ya kumaliza, hata kama tarehe iliyochapwa juu yake bado iko mbele. Kwa mfano wetu ni 3 Agosti. Ukiomba kabla ya hapo, na ukiwa hukuvunja masharti ya kazi wakati wa masomo, unaruhusiwa kufanya kazi saa zote ukisubiri jibu. Ukiomba baada ya hapo, inabidi kwanza uombe kurudishiwa hadhi yako au uondoke nchini uombee nje, na kipindi chote hicho huna ruhusa ya kufanya kazi. Ada ya maombi ni dola 255 za Kanada. Tuma wiki ileile barua inapotoka.

Kinachoangusha maombi mara nyingi ni muhula mmoja wa katikati ambao mtu alisoma nusu mzigo kwa sababu ada ilichelewa kutumwa. Kanada inataka uwe mwanafunzi wa muda wote kila muhula, isipokuwa ule wa mwisho. Wazazi walijue hili: parachichi zikichelewa kuuzwa, ongeeni na chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu, mtoto asipunguze masomo. Kazi nje ya chuo wakati wa muhula ni saa 24 kwa wiki, basi.

Pasipoti ina habari yake. Kanada haitoi kibali kinachopita mwisho wa pasipoti. Pasipoti zetu za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2018 na huishi miaka 10, maana yake zile za mwanzo zinakwisha 2028. Anayemaliza masomo 2027 akiwa na pasipoti ya mwaka 2018 anastahili miaka 3 na atapewa mwaka mmoja hivi, kisha aanze kuomba upya muda uliobaki baada ya kubadilisha pasipoti. Fungua ukurasa wa picha leo, uangalie tarehe ya chini. Ikiwa haifiki mwisho wa masomo pamoja na miaka mitatu, jaza fomu mtandaoni uende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya safari. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000.

Uingereza ni rahisi kueleweka, ila ni ghali. Viza yao ya Graduate ilianza 1 Julai 2021. Ukiomba hadi 31 Desemba 2026 unapata miaka 2. Ukiomba kuanzia 1 Januari 2027 unapata miezi 18. Wenye shahada ya uzamivu wanabaki na miaka 3. Anayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 ahesabu miezi 18, asidanganywe na karatasi ya zamani ya wakala. Haiongezwi muda.

Inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha, na baada ya chuo kuitaarifu serikali kwamba umefaulu. Huhitaji kusubiri cheti. Kwa kozi ya miezi 12 au zaidi, viza ya mwanafunzi huacha miezi 4 baada ya kozi, na tasnifu ikirudishwa kwa marekebisho miezi hiyo huyeyuka. Ukishatuma, usitoke nje ya Uingereza na Ireland hadi jibu lije. Ukija nyumbani hata kwa msiba, maombi yanahesabiwa kuwa umeyaondoa.

Pesa hulipwa yote siku ya kuomba. Ada iliwekwa pauni 880 Aprili 2025, na mchango wa afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa ada hiyo, jumla ya miaka 2 ilikuwa pauni 2,950, kama shilingi milioni 10. Iwe imetengwa tangu mwanzo, maana hakuna kulipa kidogokidogo. Mume au mke aliyebaki Tukuyu hawezi kuunganishwa hapo. Viza hii hupokea tu wategemezi waliokuwa tayari huko kama wategemezi wako ulipokuwa mwanafunzi. Aliyesomeshwa kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, anatakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Wakati wa masomo, mwisho ni saa 20 kwa wiki, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu huhesabiwa kuwa umejiajiri, na mwanafunzi haruhusiwi hata saa moja. Wengi hawaambiwi hivyo.

Ujerumani hutoa miezi 18 kwa aliyehitimu chuo cha huko, afanye kazi yoyote akitafuta inayolingana na elimu yake. Watataka bima ya afya na uthibitisho wa pesa za kujikimu.

Mwisho, majina. Cheti cha kuzaliwa, NIDA, vyeti vya shule na pasipoti visome jina lilelile, kwa mpangilio uleule. Chuo cha nje kitaandika transkripti kwa jina la pasipoti, na herufi moja tofauti na matokeo ya IELTS inatosha kuleta barua ya maswali wakati siku zako zinahesabika. Kiapo cha majina kwa wakili hapa mjini kinashughulikiwa haraka. Ukiwa ng'ambo inabidi kupitia ubalozini.